Marehemu wa Saba wa Kona ya Kinu

Ipo nchi moja ambayo jina lake hatutalitaja, maana hata wenyeji wenyewe hawajawahi kulisoma lote. Limeandikwa kwenye kibao kirefu pale mpakani, na hakuna gari lililowahi kupita hapo kwa mwendo wa kumwezesha mtu kufika herufi ya tano.

Nchi hiyo ilipata uhuru kwa lori. Mwasisi wa taifa alikuwa dereva, na siku askari wa wakoloni walipomfukuza alikanyaga mafuta mpaka mwisho, akateremka mlima bila breki, akaingia mjini na kuing'oa bendera ya wakoloni pamoja na mlingoti wake. Kwa bahati mbaya aling'oa pia watu kumi na wanne waliokuwa wamejipanga kumshangilia. Hao kumi na wanne hawamo kwenye vitabu vya historia. Pedali ya mafuta ya lile lori imo, tena kwa picha mbili.

Ndiyo sababu ibara ya kwanza ya katiba yao inasema kila raia atakuwa na uhuru wa mguu wake wa kulia. Ibara ya pili inasema kila raia atalindwa uhai wake. Wanasheria waliona mapema kwamba ibara hizo mbili zingegombana, wakaandika kuwa pale zitakapogombana itumike mizani. Katika nchi nyingine neno hilo likitumika kwenye sheria watu huelewa busara. Wao walinunua mizani.

Ilikuwa mizani ya dukani, ya shaba, yenye sahani mbili, ikawekwa katika ukumbi wa Wizara ya Uhuru na Usalama juu ya meza ya kitambaa cha kijani. Kwenye sahani ya kushoto ililazwa ile pedali ya Mwasisi, ambayo kutu ilikuwa imeila hata ikabaki nyepesi kabisa. Wananchi wakihitaji tuta barabarani, au kibao cha kupunguza mwendo, au hata mistari ya kuvukia, walileta vyeti vya vifo vilivyotokea mahali hapo na kuviweka sahani ya kulia. Pedali ikinyanyuka, uhuru umezidiwa uzito, tuta linajengwa. Isiponyanyuka, wananchi wanashukuriwa kwa kufika.

Kwa uzoefu wa miaka mingi ilijulikana kwamba pedali hunyanyuka kwa vyeti saba. Sita havitoshi. Watu wa bondeni waliwahi kuleta sita vilivyolowa mvua njiani, pedali ikatikisika kidogo, na tangu siku hiyo vyeti vyote hupigwa pasi kwanza ili pasiwe na udanganyifu.

*

Fundi Mshamu Kibwana alikuwa mshona nguo wa Kona ya Kinu, mahali ambapo barabara ya kutoka uwanja wa ndege inapinda ghafla kabla ya kuingia Mji Mkuu. Kinu chenyewe kilikufa zamani. Kilichobaki ni kona, duka la Mshamu upande huu, na shule ya msingi upande ule. Kila mtoto wa shule hiyo alikuwa amevaa nguo ya mkono wa Mshamu, na fundi aliweza kumtambua mtoto kwa mbali kwa pindo la sketi au kiraka cha kaptula kabla hajaiona sura.

Kwa sababu duka lake ndilo lililokuwa na vitambaa, yeye ndiye aliyekuwa akitoka mbio gari likimgonga mtu. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alitoka na kitambaa cheupe, akapiga magoti, akafunika, akamshika mkono mtu huyo mpaka uwe baridi. Alimfunika muuza mkaa. Aliwafunika ndugu wawili waliokuwa juu ya baiskeli moja. Wa nne alikuwa Mwanahawa, binti yake mwenyewe, aliyekuwa akivuka na tenga la nyanya, na siku hiyo watu walilazimika kumnyang'anya kitambaa kwa sababu hakutaka kufunika. Mwanahawa aliacha mtoto wa mwaka mmoja, Siwema. Mshamu akamlea kati ya cherehani na ndoo ya maji, na sasa Siwema alikuwa darasa la pili, akivuka ile barabara asubuhi na mchana, siku tano kwa wiki.

Wa tano alikuwa mwalimu wa kwaya, wa sita mpiga lipu aliyekuwa akiwahi kazini. Wa saba alikuwa Sudi, miaka kumi na mmoja, ambaye kaptula yake Mshamu aliirefusha wiki moja kabla kwa sababu alikuwa akikua haraka.

Mama yake Sudi aliuza vitumbua pale pale kona. Alikuwa mwanamke mpole ambaye watu walimjua zaidi kwa vitumbua vyake kuliko kwa sauti yake. Lakini siku ile watu walipofunga barabara kwa magogo na mawe, kama ilivyo desturi ya nchi hiyo kila mtoto anapogongwa, alipanda juu ya gogo na kusema maneno yaliyowaliza hata polisi waliotumwa kuyaondoa magogo. Hapo hapo kikaanzishwa Chama cha Wafiwa wa Kona ya Kinu. Mama Sudi akawa mwenyekiti, Mshamu akawa katibu kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Usiku na mchana wao walikuwa kitu kimoja. Mshamu aliandika hotuba, Mama Sudi akazisema. Sentensi iliyopendwa zaidi, "Gari likipunguza mwendo halipungukiwi kitu," Mshamu aliitunga akiwa anatia uzi kwenye sindano. Uchaguzi ulipofika, Kona nzima ilimsimamisha Mama Sudi, na Mshamu akamshonea magauni ya kampeni yenye tuta la uzi wa njano kifuani. Akashinda. Mtukufu Rais, alipomsikia akilia bungeni, aliona ni hasara kubwa kwa mwanamke anayelia vizuri vile kuwa nje ya serikali. Akamteua Waziri wa Uhuru na Usalama.

Kona ya Kinu ilicheza ngoma mpaka ngozi ikapasuka. Vyeti vilikuwa saba, na mwenye mizani alikuwa wa kwao.

Kabla ya kuhamia nyumba ya serikali, Mama Sudi alipita dukani na bahasha.

"Kaka Mshamu," alisema, "hizi karatasi za mwanangu. Wanataka sahihi ya aliyemwokota. Weka tu hapo chini, wenyewe watajaza ofisini."

Karatasi ilikuwa tupu. Mgeni angeshangaa, lakini katika nchi ile sahihi hutangulia na maneno hufuata. Kusoma kabla ya kutia sahihi huhesabiwa ni matusi, kama kunusa chakula cha mwenyeji. Na huyu hakuwa mwenyeji tu, alikuwa mtu aliyelia naye. Mshamu alitia sahihi yake, ile yenye mkia mrefu unaojikunja kama ncha ya uzi, akamwambia aende na baraka za Kona.

"Tuta litakuja, kaka," alisema Mama Sudi, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. Jambo hili ndilo lililomsumbua Mshamu baadaye kuliko mengine yote.

*

Siku ya kupima, Mshamu alivaa suti aliyojishonea mwenyewe na kwenda wizarani. Alipokelewa na Karani Lupogo, mtu mnyenyekevu mwenye glavu nyeupe na pasi ya mkaa, ambaye alikuwa amepima vifo kwa miaka ishirini na moja bila kumkosea adabu mfiwa hata mmoja.

Lupogo alifungua jalada la Kona ya Kinu, akavipiga pasi vyeti kimoja kimoja, akaviweka sahani ya kulia. Pedali haikusogea.

"Bado kimoja," alisema Mshamu.

"Viko sita, mzee wangu."

"Saba. Cha Sudi."

Karani alifunua jalada, akalifunika, akalifunua tena. Kisha akatoa karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa mtoto mchanga.

"Marehemu Sudi alihama, mzee. Kanuni ya tisa inasema marehemu hufuata makazi ya mzazi wake. Mzazi amehamia Barabara ya Waheshimiwa, na marehemu ameandikishwa huko."

"Atahamaje? Alifia pale mbele ya duka langu. Nimemshika mimi."

"Hata mimi nilishangaa kidogo," alisema Lupogo kwa upole. "Lakini yupo shahidi."

Mshamu akasoma. Karatasi ilisema: Mimi, Mshamu Kibwana, fundi cherehani, nathibitisha kwamba nilimwokota marehemu mbele ya geti jeupe, nyumba nambari nne, Barabara ya Waheshimiwa, na kwamba pale Kona ya Kinu sikuwahi kumwona. Chini yake palikuwa na sahihi yenye mkia mrefu unaojikunja.

Aliisoma mara tatu. Alijaribu kujiambia kwamba labda kuna Mshamu mwingine, halafu akaona aibu kwa kujidanganya. Karani akamsogezea kiti.

"Huko kwa waheshimiwa," aliuliza hatimaye, "wamepata vipi vyeti saba?"

"Huko kinatosha kimoja. Cha kule kinachapwa kwenye kadi ngumu na kufungwa muhuri wa risasi, ile metali nzito. Nilikiweka kwenye sahani ya kulia, pedali ikaruka mpaka dirishani. Tuta limeshajengwa, linazinduliwa Jumamosi." Lupogo alivipanga vile vyeti sita, akavigonga pembeni vikae sawa, akamrudishia. "Moyo usivunjike, mzee wangu. Umebakiza mmoja tu."

Aliyasema kwa nia njema kabisa. Mshamu alikuwa amefika nusu ya ngazi alipoyaelewa.

*

Mwaliko wa Jumamosi ulimfikia ukiwa na maandishi ya dhahabu, ukimtaja kuwa Shahidi Mkuu. Alikwenda. Alitaka kuona kwa macho yake.

Barabara ya Waheshimiwa ilikuwa pana, yenye maua katikati, na hakuna mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu humo isipokuwa walinzi na watunza bustani. Mbele ya geti jeupe lilikuwapo tuta zuri kuliko yote aliyowahi kuyaona, limepakwa rangi nyeupe na njano, limefungwa utepe. Pembeni palikuwa na jiwe lililochongwa: Hapa Alianguka Sudi.

Waziri alisimama nyuma ya vipaza sauti. Alikuwa amenenepa kidogo na gauni lake halikuwa la Mshamu.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu sikivu imesikia. Leo tumeonyesha kwamba uhuru na usalama vinaweza kulala kitanda kimoja. Wapo wanaotaka tuta kila mahali anapoanguka mtu. Nawauliza, tukifanya hivyo si nchi nzima itakuwa tuta? Na uhuru utapita wapi? Uhuru nao una haki ya kupita! Msingi wetu ni mmoja: gari likipunguza mwendo halipungukiwi kitu, ila lisipopunguza, nchi inaongeza heshima."

Waheshimiwa walipiga makofi. Mshamu alisikia sentensi yake ikienda zake ikiwa imeshonewa kipande kisicho chake, na akaumia kama mtu aliyeibiwa nguo na kukutana nayo njiani imevaliwa.

Baada ya utepe kukatwa, magari ya wageni yalipita juu ya tuta moja moja, polepole sana, madereva wakitabasamu. Mshamu akamsogelea Waziri.

"Mama Sudi."

"Ni Mheshimiwa Waziri," alisema msaidizi wake.

Waziri akamwashiria msaidizi aondoke. Kwa kitambo kidogo alifanana tena na yule mama wa vitumbua.

"Kaka Mshamu, mimi silali," alisema chini chini. "Hawa wenzangu wanapita hapa wakikimbia kama wamefukuzwa. Kila tairi likilia naamka nikitafuta kiatu cha mwanangu. Nilitaka mahali pamoja tu duniani ambapo gari litapunguza mwendo mbele ya jina lake. Ni dhambi?"

"Si dhambi," alisema Mshamu, na alimaanisha. "Lakini hapa hakufia. Kule alikofia bado kuna watoto wanavuka. Cheti chako hicho cha risasi, ungekileta Kona, kingetosha peke yake."

"Cha risasi ni kwa wakazi wa hapa. Ni kanuni."

"Nani ametunga kanuni?"

Waziri aliitazama saa yake, ingawa ilionekana wazi kwamba hakuwa akisoma majira.

"Na Siwema?" aliuliza Mshamu. "Unamjua Siwema. Ulikuwa ukimpa kitumbua kila asubuhi. Yeye avuke vipi?"

"Avuke kwa uangalifu. Nitampelekea begi linalong'aa."

"Nilikuamini," alisema Mshamu. "Niliweka jina langu kwenye karatasi tupu kwa sababu ni wewe."

"Najua," alisema Mama Sudi. "Ndiyo maana nilikuja kwako." Kisha msaidizi akarudi, na Mheshimiwa Waziri akaenda kupigwa picha na jiwe.

*

Mshamu aliandika barua ya malalamiko, kurasa nne, mwandiko mzuri. Wizara ilijibu haraka ajabu. Ilikiri kwamba wananchi wa Kona ya Kinu wamecheleweshewa huduma, ikaomba radhi, na ikaahidi kuwa marehemu wa saba hatapata usumbufu wowote. Wiki iliyofuata Karani Lupogo alihamishiwa pale kona. Alikuja na meza, mwavuli, mizani ndogo ya kusafiri, pasi yake ya mkaa, na fomu iliyojazwa tayari kila kitu isipokuwa jina, umri na sahihi ya shahidi.

Alikuwa jirani mwema. Aliwasalimia wazee, alinunua mihogo. Lakini kuwapo kwake kuliwabadilisha watu. Mzee wa kifua kikuu aliulizwa hali na watu ambao hawakuwahi kumwuliza, na waliposikia amepata nafuu waliaga upesi. Bi Hidaya, mwenye miaka themanini na asiyeona vizuri, alishangaa kuona vijana wakijitolea kumsindikiza mpaka ukingoni mwa barabara na kumwacha hapo. Kwenye mkutano wa Chama cha Wafiwa, mtu mmoja alisema ni jambo la kusikitisha, naam, lakini baada ya huyo mmoja wote watakuwa salama. Hakuna aliyemkemea. Wengine walikuwa wakihesabu watoto wao kichwani na kuona kwamba wa wenzao ni wengi zaidi. Mshamu akafunga daftari la katibu na kutoka.

Begi la Siwema lilifika siku ya Ijumaa. Lilikuwa na picha ya Waziri na maandishi: Vuka kwa Uangalifu, Uhuru ni Wako. Mshamu alitaka kulitupa, kisha akaona kwamba kweli linang'aa. Alifumua picha kwa wembe, akaacha mng'ao.

Jumatatu asubuhi alimshika mjukuu wake mkono, wakatoka. Ng'ambo kengele ya shule ilikuwa bado haijalia, na upande huu watoto wapatao arobaini walikuwa wamesimama kusubiri mwanya. Karani Lupogo alikuwa mezani kwake.

"Shikamoo, babu," alisema Siwema.

"Marahaba, mama. Umependeza na begi lako. Unaitwa nani vile?"

"Siwema."

"Jina zuri. Na majina ya baba?" Lupogo alikuwa ameshika kalamu. Alipoona uso wa Mshamu aliongeza, "Si kwa ubaya, mzee wangu. Naandika ya wote kwenye karatasi ya pembeni. Ni matayarisho tu, lisije likakosewa jina la mtu."

Mshamu aliishika ile fomu. Akaisoma yote, mstari kwa mstari, mbele ya karani, bila kuona haya, mtu wa kwanza kufanya hivyo katika nchi hiyo tangu lori la Mwasisi. Kisha akachukua kalamu. Pale penye jina la marehemu akaandika Mshamu Kibwana. Penye umri akaandika sitini na tisa. Penye sahihi ya shahidi akaweka sahihi yake, na mkia wake wote.

"Mzee," alisema Lupogo, akiwa amefadhaika kwelikweli, "fomu hii haijazwi na aliye hai."

"Sahihi kwanza, maelezo baadaye. Si ndiyo desturi yetu?"

"Ndiyo desturi," alikubali karani.

Mshamu alimgeukia Siwema, akamfunga vizuri kifungo cha shingoni ambacho hakikuwa kimefunguka. Akamwambia asubiri pale mpaka amwone babu amesimama katikati na kunyoosha mikono, ndipo avuke na wenzake, wasikimbie, wasigeuke nyuma.

"Na wewe, babu, utavuka lini?"

"Nyote mkishavuka."

Akaingia barabarani kwa mwendo wa fundi asiye na haraka, akafika katikati, akageukia upande wa uwanja wa ndege, akanyoosha mikono yote miwili kama anayepima upana wa kitambaa. Watoto wakaanza kuvuka nyuma ya mgongo wake. Alihesabu hatua zao bila kugeuka. Begi lilipita likimetameta, likafika ng'ambo. Wengine walikuwa bado wanakuja, wadogo kabisa, wameshikana mikono wawili wawili.

Kutoka nyuma ya kona ukasikika mlio wa gari linaloongeza mwendo, zito, la aina ile inayobeba bendera. Mshamu aliufahamu muungurumo huo. Hakushusha mikono.

Karani Lupogo, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliinama chini ya meza na kuanza kupuliza makaa ya pasi.